Kona ya Matope Pale Kwa Maboti

Nyinyi mlioajiriwa juzi kutunza bustani na kusukuma maboti, nimesikia mmoja wenu aliuliza, "Huyo mama mzee alikuwa anafanya nini hapa miaka yote, na boti ni kukaa tu na kupiga kasia?" Sikukasirika. Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo, halafu nikaamua niwaeleze.

Nianze na jambo lililonitoa nyumbani. Nimesikia mnataka kujaza changarawe kwenye ile kona ya matope, upande wa juu wa gati, chini ya mkuyu, ili muweke meza za wageni. Msiiguse. Sababu nitawapa, lakini siwezi kuirukia. Mkiona nazunguka, vumilieni. Ndivyo na mimi nilivyofundishwa.

Kwa Maboti hapakuanza kama bustani. Mzungu mmoja mwenye shamba alikatiza mto Nzoia kwa ukuta wa mawe ili maji yazungushe mashine yake ya kusaga mahindi. Maji yakajaa nyuma ya ukuta, yakatulia, yakawa kama ziwa dogo. Basi Jumapili yeye na wenzake wakawa wanakuja na maboti ya mbao, wanapunga upepo, wanakunywa chai kwenye nyasi. Watu wetu walikuwa wakisukuma maboti na kuosha vikombe. Wazungu walipoondoka mashine ikashika kutu, magugu yakameza nyasi, na akina mama wa mtaa wa Kipsongo wakapata mahali pazuri pa kufulia nguo. Ukuta ulibaki. Mzee Sikuku naye alibaki.

Huyu Mzee Sikuku ndiye mwalimu wangu, kwa hiyo mshikeni jina. Alizaliwa siku ya Krismasi, ndiyo sababu aliitwa hivyo, na aliingia pale akiwa kijana wa kuosha vikombe. Miaka ya elfu mbili ilipoanza, watu wa Kitale wakaunda kamati ya kufufua mahali pale, na yeye peke yake ndiye aliyejua maboti yalizikwa wapi. Nasema yalizikwa kwa sababu yalikuwa yamezikwa kweli. Aliyafukia kwenye matope miaka hiyo yote, na kamati ilidhani amerukwa na akili alipowaambia wachimbe. Yalitoka mazima. Boti la mbao likikaa juani hukauka, mbao zikaachana, na siku ya kulirudisha majini linavuja kila mahali. Likikaa kwenye unyevu, mbao hufura na kubanana. Kwa hiyo mkiona boti limepumzishwa nchi kavu, limepakwa rangi nzuri, linang'aa, msimpandishe mtu humo kabla halijalala majini usiku kucha. Mimi nilimpandisha mchungaji na mke wake. Mchungaji alifika ng'ambo maji yakiwa magotini, na kwenye mahubiri ya Jumapili iliyofuata alinitaja, ingawa si kwa jina.

Mimi natoka Myanga. Niliolewa Kitale, na kazi niliyoajiriwa ilikuwa kufyeka nyasi. Maboti nilipewa kwa sababu kijana wa kwanza aliacha na wa pili alikuwa anakunywa. Watu walicheka sana. Walikuwa wanakuja gatini, wananitazama, wanauliza, "Kwani wanaume wameisha?" Mzee Sikuku alikuwa akiwajibu kwamba boti halijawahi kuuliza.

Alinifundisha mambo mengi, lakini mawili ndiyo yaliyoniokoa. La kwanza ni kamba. Siku zangu za mwanzo nilifunga maboti nikakaza, kwa kuona fahari kwamba hakuna atakayeyaiba. Mvua ikanyesha huko Cherang'ani, sisi hapa jua linawaka. Mto ukapanda. Boti lililofungwa kwa kamba fupi haliwezi kupanda na mto, kwa hiyo nilikuta moja limeshikiliwa chini na kamba yangu, limejaa maji mpaka juu. Mzee hakunigombeza. Alisema, "Mama Naliaka, mto lazima uachiwe nafasi. Ukikaza, unazama na mali yako." Tangu siku hiyo nikawa naacha kamba inalegea. Na kila asubuhi natazama rangi ya maji kabla sijatazama mbingu. Yakiwa kama chai ya maziwa, maboti hayatoki, hata kama mteja amevaa tai.

La pili ni masikio. Mzee Sikuku alikuwa anakaa kwenye kile kibanda cha tikiti karibu na gati, mgongo kwa mto, na ananirekebisha. "Kasia la kushoto linapiga maji, halizami." "Huyo ameinuka, mwambie akae." Mimi nilidhani ni uchawi. Kumbe alikuwa anasikiliza. Kasia likizama vizuri lina sauti ya kumeza, na likipiga juu juu linalia kama kofi. Mtu akisimama, ubao wa kati unalia. Alinifunga macho kwa leso yangu mwenyewe, akaniketisha hapo, na mchana mzima nikawa namwambia nani anapiga vipi. Nilikosea mpaka nikataka kulia. Lakini baada ya msimu mmoja wa Krismasi nilikuwa najua.

Krismasi, hiyo nayo muijue. Watu walikuwa wanatoka Kitale yote, wengine mpaka Bungoma na Kimilili, na watoto waliovaa nguo mpya ambazo mama zao hawataki ziguswe na maji. Wapiga picha walikuwa wamejipanga na kamera za filamu shingoni. Baadaye zikaja zile zinazoonyesha picha papo hapo, na mambo yakaharibika, maana bibi harusi akiona uso wake haumpendezi anataka arudishwe majini apigwe tena. Jumamosi ilikuwa ya harusi. Kanisani wakitoka wanakuja kwetu. Tulikuwa na boti moja kubwa, pana chini, tumelipaka rangi nyeupe na kuliita Bibi Harusi. Mwanamke mwenye viatu virefu anavuliwa viatu kwanza, anakanyaga katikati, kamwe si ukingoni, halafu anakaa kabla hajaanza kutabasamu. Wapambe wanene wanakaa kati. Hili mliseme kwa heshima.

Sasa nirudi kwenye ile kona.

Nilipokuwa nafyeka nyasi, Mzee Sikuku alinionyesha mahali pale chini ya mkuyu, penye matope meusi, akasema, "Hapo usiguse. Usipande kitu, usimwage taka, usipakaushe." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Wewe acha tu." Nilidhani ni kwa ajili ya vyura. Miaka ikapita, yeye akastaafu akarudi kwao Kimilili, na mimi nikaendelea kuacha tu. Wageni walilalamika kwamba bustani nzuri namna hii ina mahali pachafu. Meneja wetu, Bwana Wafula, akaniambia tuweke maua. Nikamwambia Mzee alikataza. Akauliza Mzee alikataza kwa nini. Nikasema sijui. Akanitazama vile watu wanavyomtazama mwanamke asiyejua, akaondoka. Maua hayakuletwa kwa sababu alisahau, si kwa sababu nilimshinda.

Huyu Bwana Wafula alikuwa mtu mzuri. Mtu wa Bungoma kama mimi, nadhifu, viatu vyake vinang'aa hata kwenye umande. Alikuwa na siri moja ambayo wafanyakazi wote tuliijua: alikuwa anaogopa maji. Aliongoza maboti miaka yote bila kukanyaga hata moja. Akija gatini alikuwa anasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

Mwaka mmoja kamati ilipitisha kwamba bustani izungushiwe ua. Zamani watu walikuwa wanaingia popote. Kulikuwa na njia ya kutokea barabarani, na nyingine upande wa juu, karibu na mkuyu, iliyokatiza kwenye shamba la jirani. Ua ukajengwa, nguzo za saruji na seng'enge ya nyaya nyingi, na lango likawa moja, la barabarani. Jirani naye akaona njia imefungwa, akalima mpaka ukingoni, akapanda mahindi, akafuga mbwa. Hakuna aliyepinga. Wanakamati wengi walikuwa Wabukusu, na mimi ni Mbukusu, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mnajua ni kwa nini? Kwa sababu ulikuwa mwaka usio wa tohara. Kwetu tohara ni Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mwaka ule mwingine hakuna anayeifikiria, kama vile hakuna anayetafuta mwavuli Januari. Ua ule ungezungumziwa mwaka mmoja baadaye, wazee wangesimama wote. Lakini ulizungumziwa mwaka wa mapumziko, wakaupigia makofi.

Agosti iliyofuata ndiyo ilikuwa yenyewe. Tangu ua ujengwe nilikuwa naishi kwenye kile chumba kando ya lango, na funguo zilikuwa kwangu. Alfajiri moja, ukungu umelala mtoni na baridi ile ya Kitale inaingia mifupani, nikasikia kengele na wimbo wa wanaume unashuka barabarani. Nikajua ni kijana anapelekwa sitosi, yaani mahali pa matope. Kijana wa kwetu hupelekwa mtoni asubuhi ile ya kisu, anaoshwa, anapakwa matope mwili mzima, na kichwani anawekewa bonge la tope na nyasi. Matope yale yana baridi. Mwili unakufa ganzi, na kijana akifika nyumbani anasimama mbele ya ngariba bila kutikisika. Akitikisika, akipepesa hata jicho, watu watalisema jambo hilo mpaka wajukuu wake wasikie. Yote haya ni ya wanaume. Mwanamke hasogei sitosi.

Nikafikiri watapita. Hawakupita. Wimbo ukasimama langoni kwangu, na nikasikia sauti ninayoifahamu.

"Mama Naliaka, fungua. Ni mimi."

"Meneja? Saa hii?"

"Fungua tu, mama. Usiulize."

Baadaye alinieleza yote. Kijana alikuwa Simiyu, mtoto wa dada yake. Yeye ndiye khocha, mjomba wa damu, na alikuwa ametembea na kundi kutoka nyumbani kwa shemeji zake akiimba kwa moyo wote. Hakuwa ameuliza wanaelekea sitosi gani. Aliposhtuka, kundi lilikuwa limegeukia kwenye bango ambalo yeye mwenyewe aliliandikisha: saa za kufungua, saa za kufunga, ni marufuku kuogelea.

Nilifungua lango, nikarudi chumbani nikafunga mlango. Walipita. Nikasikia miguu ikielekea juu, kwenye mkuyu, na hapo ndipo nilipomwelewa Mzee Sikuku. Sikuelewa polepole. Nilikaa kitandani, nikashika kichwa. Kona ile ilikuwa sitosi yao tangu babu wa mtoto huyu akiwa kibarua wa yule mzungu, na Mzee hakunieleza kwa sababu mimi ni mwanamke. Nilikuwa nimewatunzia miaka yote bila kujua natunza nini. Nilimkasirikia, nikamshukuru, yote mawili kwa pamoja.

Matope walipata. Shida ikaja wakati wa kurudi. Ukungu hubeba sauti, na mimi masikio yangu mnayajua.

"Wafula," nikasikia sauti ya mzee, babu wa mtoto, ambaye kwetu tunamwita Kuka. "Njia ya kurudi iko wapi?"

"Ni hii tu ya geti, Kuka."

"Hiyo ndio tumekuja nayo."

"Iko moja tu, Kuka."

"Na ile ya juu?"

Kijana mmoja akasema, "Si ni khocha alifunga, bana. Yeye ndio meneja," na wengine wakacheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha.

Kwa wasiojua: kijana akitoka sitosi harudi kwa njia aliyojia. Hilo halijadiliwi. Na hawezi kungoja. Jua likipanda, matope yanakauka, mwili unapata moto, na ganzi inaondoka. Nyumbani ngariba alikuwa ameshanoa. Mtoto alikuwa amesimama pale uchi, matope mwilini, macho mbele, na kila dakika iliyopita ilikuwa inamwibia kitu. Wafula alikuwa ndiye aliyemfungia njia, mbele ya wakwe wa dada yake.

Akaja mlangoni kwangu mbio.

"Mama Naliaka, wanataka kubomoa seng'enge."

Nikajibu bila kufungua. "Wabomoe halafu waende wapi? Nyuma ya seng'enge ni mahindi ya jirani, na mbwa wake hawajui tohara. Huyo mtoto atafika nyumbani ameng'atwa."

"Sasa nifanye nini? Niambie. Nimekwisha."

Sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza hivyo. Nikasikiliza ule ukuta wa mawe mtoni. Maji yakiwa mengi ukuta unanguruma, na asubuhi ile ulikuwa unanong'ona tu. Jioni ya jana yake nilikuwa nimeona maji ni safi.

"Ng'ambo ya mto ni nchi kavu," nikasema. "Kuna njia ya ng'ombe mpaka darajani, na darajani mnafika nyumbani kwa upande mwingine. Mvusheni na boti."

"Wale vijana wa maboti hawajafika."

"Ndiyo. Na mimi siwezi kumgusa huyo mtoto leo. Utapiga kasia wewe."

Nikasikia akirudi nyuma hatua moja. Kisha akasema, "Wewe unajua vile niko na maji."

"Najua. Chukua Bibi Harusi. Lile halipinduki upesi."

Alimwendea mzee. Nilisikia mzee akiuliza maswali mafupi. Akauliza kama boti ni njia. Akajijibu kwamba maji yalikuwa njia kabla ya barabara. Akauliza nani atawaelekeza. Wafula akasema kuna mama. Watu wakaguna. Mzee akasema, na maneno haya nayakumbuka vizuri, "Sauti ya mama haina ubaya. Ni macho ndio tunakataa."

Basi nikatoka chumbani, kanga imefunika kichwa, nikatembea kinyumenyume mpaka kwenye kibanda cha tikiti karibu na gati, nikasimama uso kwa ukuta wa kibanda. Kama mliwahi kuniona nikifundisha mtu kuendesha boti, basi sahauni, maana siku hiyo ndiyo niliyofundisha kweli. Kundi kubwa lilitoka langoni likakimbia kuzunguka darajani, kwa sababu mzee aliamua anayerudi ni mtoto, wao ni wasindikizaji. Wakabaki wachache. Nikamwambia Simiyu apandishwe katikati, akae kwenye ubao wa nyuma, na hata tone moja lisimguse kichwani. Nikawaambia vijana wawili wafunge kamba ndefu nyuma ya boti, wailegeze kidogo kidogo, wasiikaze.

"Meneja, kaa. Mgongo kwa kule unakoenda."

"Nitaona aje mbele?"

"Hutaona. Utamwona mtoto. Yeye ndiye anatazama mbele. Zamisha makasia yote mawili, vuta, inua. Usiwe na haraka."

Kofi la kwanza. Kofi la pili. "Unapiga maji," nikasema. "Zamisha." Likaja moja la kumeza, upande wa kulia tu, na nikajua boti limeanza kuzunguka. "Kushoto, meneja. Kushoto peke yake, mara mbili." Likanyooka. Wakaenda hivyo, nami nahesabu moyoni pale ambapo maji huanza kuvuta kuelekea ukutani.

Walipofika hapo vijana wa kamba wakaogopa, wakakaza. Nikasikia kamba ikilia na boti likipiga kelele ubavuni, maji yanaligonga. Kamba iliyokazwa, mwajua sasa inafanya nini. Nikapaza sauti, "Wachieni! Wachieni kamba yote!" Mmoja akabisha, ati watachukuliwa na maji. Mzee akamwambia, "Sikia mama." Wakaachia. Kamba ikaanguka majini.

Halafu sikusikia kitu.

Si kofi, si kumeza. Wafula alikuwa ameacha kupiga kasia. Boti lilikuwa katikati ya mto bila kamba, na ukuta uko chini unanong'ona. Nitawaambieni ukweli, niliogopa kuliko siku niliyojifungua. Shingo yangu ilitaka kugeuka yenyewe. Nikashika nguzo ya kibanda kwa mikono miwili, nikasema, si kwa kelele, kama vile ninavyomwambia mteja yeyote, "Meneja. Zamisha. Vuta."

Kimya. Kisha sauti ya kumeza. Nyingine. Kulia na kushoto pamoja, taratibu, sawa kabisa, kama Mzee Sikuku mwenyewe. Zikaenda zikififia mpaka nikasikia tumbo la boti likikwaruza mchanga wa ng'ambo. Mtu akashuka. Wale waliokimbia darajani walikuwa wamefika, wimbo wa kurudi ukashika upande wa pili, na mzee aliye nyuma yangu akaushika upande wetu, mto ukiwa kati. Nilikaa chini pale pale kwenye umande, nikalia.

Kabla ya saa sita akina mama walipita barabarani wakitoka kwenye sherehe, wakiimba, wamejifunga majani. Sikungoja wanifikie. Nikauliza kwa mbali, "Yule wa kwa maboti?" Mmoja akanijibu, "Hakupepesa."

Jumatatu Bwana Wafula alikuja mapema na fundi. Kiatu chake cha kulia kilikuwa na tope jeusi lililokauka, yeye anayepiga viatu rangi kila asubuhi, na hakulipangusa siku ile nzima. Sikuuliza. Alimwonyesha fundi mahali pa kukata seng'enge, karibu na mkuyu, akaenda mwenyewe kwa jirani kuzungumza, na jirani, aliposikia ni ya nini, akaacha kipande cha njia kando ya mahindi. Lango lile dogo mnalouliza ni la nini, kwa kuwa halifunguki mwaka hadi mwaka, ndilo hilo. Linafunguka Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, alfajiri, na anayelifungua awe mwanamume. Matope yalindwe mwaka wote, na hasa mwaka ule mwingine, kwa sababu huo ndio mwaka ambao watu wa kamati huwa na mawazo mazuri. Mzee Sikuku hakuniambia sababu. Mimi nimewaambia, wavulana kwa wasichana, kwa hiyo hamna kisingizio.

Bado moja, halafu niwaache mfanye kazi.

Mwaka wangu wa mwisho, Jumamosi moja, ilikuja harusi kutoka Kimilili. Bwana harusi akanifuata kwenye kibanda cha tikiti akanisalimia kwa mikono miwili. Nikamtazama, mrefu, ana ndevu, simjui. Akasema, "Mama, mimi ni Simiyu. Wewe hujawahi kuniona."

Ni kweli. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nilimkalisha nikamuuliza kile nilichobeba miaka yote, kwamba pale katikati, kile kimya, kilikuwa nini.

Akacheka. "Khocha alifunga macho, mama. Alikuwa anaomba. Mimi siwezi kuongea, siwezi kugeuza kichwa. Nikanyoosha mguu, nikamkanyaga kiatu. Akafungua macho, akaniona, ndio akasikia wewe." Akatazama mto. "Mimi kisu sikuogopa, mama. Vile nilikuwa nimetoka kuvushwa na khocha, kisu kilikuwa kitu gani?"

Wakapanda Bibi Harusi. Mke wake alivua viatu bila kuambiwa, nikampenda papo hapo. Simiyu akakataa kijana wa boti, akashika makasia mwenyewe. Mimi, kwa mazoea, nikageuka kuelekea kibandani nisikilize. Ndipo akaniita kutoka majini.

"Mama Naliaka, leo geuka. Leo tazama."

Nikageuka, nikatazama mpaka boti likagusa mchanga wa ng'ambo.